Jenereta ya petroli inasumbua? Ifuate dalili kabla ya kushika spana

Jenereta ndogo za petroli, zile za kilowati 2 au 3 za nyumbani na dukani pamoja na zile za wati 650 zenye mpini, husumbua kwa njia zilezile. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili imetangulia sababu inayotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu unakuja kwanza. Jenereta nyingi zinazopelekwa kwa fundi zikiwa "zimekufa" hazina kifaa kilichovunjika. Petroli imelala ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), oili imepungua, au mtu amekaza skrubu isiyotakiwa kuguswa.

Kabla ya ukaguzi wowote zima injini, chomoa vyombo vyote, kisha vua kofia ya plagi ili injini isije ikashika wakati mkono wako uko ndani. Bomba la moshi hukaa na joto la kuunguza ngozi muda mrefu. Subiri dakika 15, na ukitaka kuongeza petroli usipunguze hata moja.

Watu wanaumwa kichwa jenereta ikiwa inawaka

Dalili hii iko kwa binadamu, na ndiyo inayoua. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na aliyelala anaweza asiamke kabisa.

Sababu ni mahali jenereta ilipowekwa: ndani ya stoo, kwenye korido, barazani chini ya dirisha, au nyuma ya duka mlango ukiwa nusu wazi kwa kuogopa wezi. Kufungua dirisha hakutoshi, na feni haisaidii. Iweke nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote, likiwemo la jirani, na mdomo wa bomba la moshi uelekee upande usio na nyumba. Ukiogopa wizi, ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo hukohuko nje. Mvua ikinyesha, ijengee paa dogo lililo wazi pande zote, maana kuifunika kwa turubai ikiwa inawaka ni kukaribisha moto.

Mtu akionyesha dalili hizo, toeni watu wote nje kwanza, halafu zima jenereta kama unaweza kuifikia bila kupita kwenye moshi. Aliyezidiwa apelekwe hospitali, na mwambie daktari kuwa alikuwa kwenye moshi wa jenereta. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii kwenye damu. Inaondolewa na oksijeni. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

Unavuta kamba, injini haishiki

Pitia haya kwa mpangilio huu:

1. Swichi ya injini iko kwenye ON.
2. Koki ya petroli imefunguliwa.
3. Choki imevutwa, ikiwa injini ni ya baridi. Injini yenye joto haihitaji choki. Ukiivuta utaizamisha kwa petroli.
4. Petroli ipo kwenye tenki. Geji ya juu hukwama, kwa hiyo fungua kifuniko utazame kwa macho, mchana. Usimulike kwa kiberiti wala mshumaa.
5. Oili iko kwenye kiwango, jenereta ikiwa imesimama pasipo mteremko.

Hilo la oili linawapata wengi. Injini nyingi za mipigo minne (zile zenye oili ya peke yake chini) zina kihisi kinachokata moto wa plagi oili ikishuka, na kwa baadhi yake taa ya oili hupepesa tu unapovuta kamba. Kwenye injini za cc 163, ambazo ndizo nyingi mitaani, oili yote ni takriban lita 0.6, kwa hiyo upungufu wa kikombe kimoja cha kahawa unatosha kuizima. Kwa nyingi ya injini hizo, kiwango hupimwa kwa kuchomeka kijiti bila kukikaza kwa nyuzi, na oili iliyojaa sawasawa hufika ukingoni mwa shingo. Kuna mafundi wanaokata waya wa kihisi ili "isisumbue". Wakatalie. Kihisi hicho ndicho kinachoiokoa pistoni isikwame.

Kama yote matano yako sawa, shuku petroli. Petroli iliyokaa zaidi ya mwezi huanza kupoteza nguvu, na ikikauka ndani ya kabureta huacha gundi ya rangi ya kahawia inayoziba jeti, yaani vipande vyenye vitundu vyembamba vinavyopimia petroli. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Kingia chupa safi ya kioo, ilegeze, acha petroli itiririke kiasi cha vijiko vitatu, kisha inyanyue chupa kwenye mwanga. Petroli nzuri ni angavu na ina harufu kali ya kuchoma puani. Ikiwa chini kuna matone yanayotembea kama vishanga bila kuchanganyika, hayo ni maji: mwaga tenki lote, suuza bakuli, weka petroli mpya. Ikiwa hakitoki kitu ilhali koki iko wazi, kichujio kilicho kwenye koki kimeziba au boya limekwama.

Baada ya petroli njoo kwenye plagi. Ivue usome rangi yake. Kahawia isiyokoza ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu inasema petroli imezidi hewa, hivyo tazama chujio la hewa na choki. Nyeusi yenye ute inasema oili inaingia mahali pa kuchomea. Iliyolowa petroli inasema injini imezama: funga koki, rudisha choki, iache wazi dakika kumi, kausha plagi kwa kitambaa. Nafasi kati ya ncha zake iwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Ili kuona cheche, kwanza futa petroli yote iliyomwagika na usogeze dumu mbali. Rudisha plagi kwenye kofia yake, igusishe nyuzi zake kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, ukiishika kwa koleo yenye mpini wa mpira, mwenzako avute kamba. Cheche ya bluu inayolia "ta" ni nzuri. Ya njano na nyembamba ni dhaifu, badilisha plagi. Bila cheche hata kwa plagi mpya, na oili ikiwa imejaa, tatizo liko kwenye koili (inayotengeneza umeme wa cheche), kihisi au waya wa swichi, na hapo mpe fundi.

Kusafisha kabureta unaweza mwenyewe kama una subira. Funga koki, fungua boliti ya chini ya bakuli (nyingi ni spana namba 10), shusha bakuli bila kuichana gasketi. Jeti kuu ni kile kiskrubu cha shaba ndani ya nguzo ya katikati. Kitoe kwa bisibisi inayokienea sawasawa, kitazame dhidi ya jua: lazima uone duara kamili la mwanga. Zibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, kisha pulizia hewa. Usitumie sindano wala waya wa chuma. Ukilitanua tundu kidogo tu, injini itakula petroli na kutoa masizi hadi ununue jeti nyingine.

Wenye jenereta ndogo za mipigo miwili wakumbuke kwamba injini hizo hazina oili ya peke yake chini, zinalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita moja inahitaji mililita 20, na tenki la lita 4 mililita 80. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye jenereta yako, pima kwa chupa yenye alama, changanya kwenye dumu kabla ya kumimina. Petroli tupu huimaliza injini hii haraka sana.

Kamba imegoma kuvutika

Usiilazimishe. Mara nyingi petroli imevuja kupitia kabureta na kujaa ndani ya silinda kwa sababu koki iliachwa wazi, labda jenereta ikasafirishwa hivyo juu ya bodaboda. Nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli na kiwango kikiwa kimepanda, ndiyo yenyewe. Vua plagi, weka kofia yake mbali na tundu, simama pembeni, vuta kamba taratibu mpaka petroli irushwe nje. Mwaga oili yote uweke mpya kabla ya kuwasha, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailainishi. Kamba ikiwa bado ngumu plagi ikiwa nje, pistoni imekwama au kitu kimevunjika ndani. Kamba inayorudi kwa kishindo na kukuvuta mkono huashiria ufunguo wa flaiwili (kipande kinachoshikilia gurudumu zito la injini) umekatika. Zote mbili ni kazi ya fundi.

Inawaka, inakwenda dakika kadhaa, inazima

Legeza kifuniko cha tenki ikiwa inakaribia kuzima. Ikirudi kuunguruma vizuri, tundu la hewa la kifuniko limeziba; petroli haiwezi kushuka bila hewa kuingia. Lisafishe, usiendeshe kifuniko kikiwa kimelegea. Sababu inayofuata ni oili iliyo karibu na mwisho: injini ikitikisika, kihisi kinakata. Halafu kichujio cha koki chenye uchafu wa dumu. Ya mwisho, koili inayokufa ikipata joto. Hiyo huijua kwa tabia yake, kwani injini hugoma kabisa ikiwa ya moto na hukubali tena baada ya kupoa nusu saa.

Mngurumo unapanda na kushuka

Injini inakosa petroli, gavana (kifaa kinacholinda kasi ya injini) linafungua, kasi inapanda, linafunga, mchezo unaanza upya. Vuta choki nusu. Kama mngurumo unatulia, mchanganyiko una petroli pungufu: jeti ndogo imeziba, au gasketi kati ya kabureta na injini inavuta hewa. Kaza nati mbili za kabureta kwanza, zinalegea kwa mtikisiko. Usiunganishe friji wala runinga katika hali hiyo, kwa sababu kasi ya injini ndiyo inayoamua herzi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na volti huyumba nayo.

Injini inaunguruma vizuri, umeme hakuna

Anza na breka ya jenereta: ishushe mpaka chini kisha ipandishe, maana ikishakata mara nyingine hubaki katikati ikionekana kama imewaka. Jaribu tundu jingine, na chombo kingine chenye waya mzima.

Ukiwa na mita ya volti na unajua kuitumia, pima kwenye tundu bila mzigo. Volti 2 hadi 10 maana yake sumaku iliyobaki kwenye rota (sehemu inayozunguka) ipo ila haiongezewi nguvu: kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota) zimeisha au zimekwama, AVR (kifaa kinachodhibiti volti) imekufa, au kapasita imekufa kwa aina zinazotumia kapasita. Sifuri kamili inaelekea kwenye sumaku iliyopotea au waya wa ndani uliokatika. Sumaku hupotea jenereta ikikaa miezi bila kuwashwa, au ikiachwa iishiwe petroli ikiwa bado na mzigo. Ndiyo maana desturi nzuri ni kuchomoa vyombo kabla ya kuzima na kuvichomeka baada ya injini kutulia.

Hapa simama. Ile njia ya kuirudisha sumaku kwa betri ya volti 12 ipo na mafundi huitumia, lakini ukigeuza nyaya unaichoma AVR, na umeme unaweza kurudi ghafla vidole vyako vikiwa kwenye kaboni. Kapasita nayo hushikilia chaji baada ya injini kuzima.

Taa zinafifia, friji inanguruma bila kushika

Mara nyingi umeizidishia mzigo. Kibandiko kina namba mbili. Kubwa ni ya sekunde chache tu, ndogo ndiyo ya kazi ya saa nyingi, na katika hiyo ndogo tumia robo tatu. Injini ya friji au pampu huhitaji mara tatu na zaidi ya wati zake wakati wa kuanza. Friji ya wati 150 inaweza kudai 600 au zaidi kwa nukta moja. Pampu ya nguvu farasi moja inaweza kuishinda jenereta ya wati 2,000. Chomeka chenye mota kubwa kwanza, kikishatulia ndipo vingine. Birika la umeme la wati 2,000 na pasi viache. Chai na ipikwe kwa gesi.

Mwinuko nao unahesabika. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kwenda juu. Mbeya na Nairobi, zilizo karibu na mita 1,700, hula kama moja ya tano: jenereta ya wati 2,000 inabaki na 1,600 hivi. Huko juu pia hewa ni nyepesi, plagi huota masizi, na watengenezaji hutoa jeti ndogo zaidi. Ukiishusha jenereta hiyo Dar es Salaam, rudisha jeti ya kwanza, la sivyo injini itakwenda na petroli pungufu na kuchemka.

Sababu ya tatu ni waya mwembamba au mrefu. Kwa mzigo wa wati 3,000, yaani ampia 13, tumia waya wa milimita za mraba 2.5 wenye nyuzi tatu, na uukunjue wote usibaki umezungushwa. Waya uliozungushwa hujipasha moto mpaka plastiki inayeyuka.

Sasa onyo ambalo tungependa libandikwe juu ya kila jenereta: usikaze skrubu ya gavana ili "kuongeza volti". Jenereta nyingi za aina hii huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa herzi 50. Ukiipandisha bila kipimo, umeme unaopanda utaunguza chaja, runinga na bodi ya friji, na injini yenyewe inaweza kupasuka. Mita ikionyesha zaidi ya volti 250, chomoa kila kitu mara moja. Gavana au AVR imeharibika, mwite fundi.

Breka inakata kila ukiwasha

Chomoa vyote, chomeka kimoja kimoja. Kinachoikata ndicho kibovu, au jumla imezidi. Ikikata bila chombo chochote, kuna unyevu au mguso ndani ya tundu.

Ikikata mara tu unapounganisha nyumba nzima, simama kabisa. Huenda umetumia ule waya wenye pini pande zote mbili, ukapeleka umeme kwenye tundu la ukutani meni swichi ikiwa haijazimwa. Jenereta yako inajaribu kuwasha mtaa. Umeme huo ukifika kwenye transfoma kinyumenyume hupandishwa hadi volti 11,000, na fundi wa shirika aliye juu ya nguzo anayeamini laini imezimwa anakufa. Umeme wa gridi ukirudi, jenereta inaungua. Pini zilizo wazi upande wa pili zina volti 230 kwa yeyote atakayezishika. Kuunganisha nyumba kunataka swichi ya kubadilishia, inayokata gridi kabla ya kuleta jenereta, ikifungwa na fundi umeme mwenye leseni: ya EWURA kwa Tanzania bara, ya EPRA kwa Kenya. Kabla ya kuifunga, tumia waya wa nje moja kwa moja hadi kwenye chombo.

Moshi

Mweusi: choki au chujio la hewa. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke, lipake oili kidogo, likamue. La karatasi badilisha. Wa bluu kwenye injini ya mipigo minne: oili imejazwa kupita kiasi au jenereta ililazwa ubavu. Ukiendelea baada ya kurekebisha kiwango, ringi za pistoni zimechoka. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100.

Mwili wa jenereta unapiga shoti, au testa inawaka matundu yote mawili

Testa kuwaka pande zote mbili si lazima iwe ubovu. Jenereta nyingi za kubeba hazina nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyofungwa kwenye chuma, kwa hiyo kila upande unaweza kuonyesha kama nusu ya volti ukipima dhidi ya ardhi. Usiunganishe nyutro na mwili kwa kubahatisha. Ila fahamu kwamba katika hali hiyo kikata umeme cha kuzuia shoti kinaweza kisifanye kazi, kwa hiyo usikitegemee. Muulize fundi umeme jenereta yako imefungwaje.

Mwili kupiga shoti ni jambo jingine. Usiishike kuzima ukiwa na miguu mitupu au juu ya majani yaliyolowa. Vaa viatu vikavu vya mpira, funga koki ya petroli kwa kijiti kikavu cha mbao, iache injini imalize iliyo kwenye bakuli izime yenyewe. Shuku chombo kibovu kwanza, halafu tundu lililoingia maji, halafu waya wa ndani uliochubuka. Usiiwashe tena mpaka fundi apime waya zote dhidi ya mwili, na aliyeishika akapigwa aende hospitali hata akijisikia mzima, kwa sababu moyo unaweza kuyumba baadaye.